Mikono Arobaini ya Majaribio

Shangazi yangu Eliakunda alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mwaka 1969 aliteremka kutoka kijijini Mhezi, milimani, na cherehani ya baba yake, akaanza kushona kwenye baraza moja mjini Same. Baba yake alimpa muda hadi vuli: asipopata kazi ya kueleweka, arudi kulima na cherehani nayo irudi. Shangazi hakutaka kurudi. Alikuwa anaupenda mji ule na vumbi lake.

Siku moja akaja kijana aitwaye Novatus, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alisema shamba la mkonge linatafuta fundi mmoja wa kushona sare mwaka mzima.

"Ndugu Eliakunda, kwanza majaribio. Shona mikono hii arobaini ya mashati, bila malipo. Ni msaragambo wa kujenga taifa."

Kwetu Upareni neno hilo halina ubishi. Pembe ya msaragambo ikilia, unabeba jembe na kwenda kuchimba mfereji, hakuna anayeuliza ujira. Shangazi akakaa, akashona.

Alipofika mkono wa tano, udadisi ukamwasha. Kama ni kumpima fundi, si mmoja unatosha? Na kwa nini mikono tu? Hilo shati halina kiwiliwili?

Akavuka barabara hadi kwa Mwanahalima, fundi mkongwe wa mtaa ule.

"Shikamoo mama. Unashona nini?"

"Marahaba mwanangu. Kola ishirini. Za majaribio."

Wakatazamana. Wakaenda kwa Salimu, fundi mwingine karibu na stendi. Naye alikuwa amezama katika viwiliwili ishirini. Wakachukua mikono miwili na kola moja, wakaweka juu ya kiwiliwili. Shati hilo! Mwanahalima alicheka hadi akakaa chini. Shangazi hakucheka, alikuwa amekasirika mno.

Novatus aliporudi kukusanya, aliwakuta watatu wamekaa pamoja.

"Ndugu," shangazi akasema, "kwenye msaragambo tunajua mfereji unaishia shamba la nani. Huu wako unaishia wapi?"

Novatus akasema anakwenda kumwita meneja. Akapanda basi la Moshi, akaacha vitambaa.

Jumamosi alikuja mnyapara wa mkonge, Yahaya, akiulizia mashati yake ishirini. Alikuwa ameahidi kumlipa Novatus yakikamilika. Alipoelezwa, akakuna kichwa.

"Basi malizieni nyinyi, na kazi ya mwaka mgawane. Ila kwanza nishoneeni shati moja la majaribio."

Mwanahalima na Salimu wakaanza kuchagua kitambaa. Kazi ya mwaka mzima haichezewi.

"Moja ni haki yako," shangazi akasema. "Na hilo moja utalilipia."

Yahaya akaingiza mkono mfukoni.

Vuli ilipoanza, babu aliteremka kuja kumchukua binti yake. Akakuta foleni barazani. Akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, akasubiri zamu yake ya kupimwa suruali.