Kipande cha Njia Nilichokiruka

Haya hayakunikuta usingizini, wala sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwa macho, nimetoka kazini, nimebeba mfuko wa viazi mkononi, na saa ya kituo cha basi ilionyesha saa kumi na nusu jioni. Sikusoma sana, niliishia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo sina maneno ya kupamba. Nitasema ilivyokuwa. Ukiona naongopa, acha kusoma, sitakulaumu.

Mimi ni mjane wa Papa Fidèle. Hapa Brussels watu wote wananiita Maman Fidèle, kwa jina la mtoto wetu wa kiume aliyezaliwa hapa. Mume wangu aliugua figo, akafa mwezi wa tano mwaka 2010. Tulimzika Laeken, kwa sababu kumrudisha kwao Kamituga hatukuweza.

Kabla ya vita alikuwa dereva wa lori. Maisha yake yote ya udereva yalikuwa kwenye barabara moja, ile ya taifa namba mbili, kutoka Bukavu mpaka Kamituga. Wengine wakilala kwenye mashine ya kusafisha damu hutazama televisheni. Yeye alinisimulia barabara. Alisema zamani, wakati wa Wabelgiji, watu walifungwa kamba kiunoni wakachimba mlima kwa sururu, kwa sababu kule mbele kulikuwa na dhahabu na dhahabu ilihitaji pa kutokea. Wenyeji wenyewe hawakuiomba, walikuwa na vijia vyao. Kisha babu yake akawa kantonye, yaani mtu aliyepewa koleo, kofia ya kaki na kilomita zake za barabara, azibue mifereji na kufukia mashimo mpaka uzeeni. Ukaja wakati wa Zaire, kila Jumamosi salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo, kila familia na mita zake za kufyeka. Halafu hakuja mtu tena. Mashimo yakawa mabwawa. Lori likikwama lilikaa wiki mbili, na alicheka akisema kuna madereva waliooa palepale penye matope.

Sasa sikiliza desturi ya familia yao. Mtu akifia mbali, siku ya mwisho ya matanga, mmoja aliyewahi kuipita njia husimama mbele ya watu na kumtajia marehemu namna ya kurudi nyumbani. Kwa sauti, mji kwa mji, daraja kwa daraja. Wanasema maiti husahau njia hata kama aliijua vipi akiwa hai, na pale ambapo hapakutajwa hawezi kupita.

Tulikodi ukumbi mdogo Laeken. Kati ya watu wote waliokuja, aliyekuwa ameipita barabara ile kwa miguu yake nilikuwa mimi tu. Shemeji yangu Déo, mdogo wake marehemu, alikuwa kwenye simu kutoka Kamituga, sauti imefunguliwa watu wote wasikie. Pembeni yake alikaa mama mkwe wangu.

Pasta hakupenda. "Maman Fidèle, Bwana Yesu njo njia," aliniambia. "Haina haja ya kumutajia zingine."

Tonton Gaspard, rafiki wa mume wangu, akamjibu, "Pasta, tunakubali. Lakini Bwana Yesu hajapita kwa route nationale deux saa ya mvua."

Watu walicheka. Hata pasta alicheka.

"Na tena," Tonton akaendelea, "yeye alikuwa chauffeur. Utamufundisha chauffeur balabala yake? Bon, ongea, maman, asije akatushitaki kule."

Nikasimama. Nikamtajia ndege, nikamtajia Kigali, mpaka wa Rusizi, Bukavu. Nikamtajia Mugogo na soko lake, kisha Burhale, kisha mteremko mrefu wa msituni ambako breki hunuka. Nikasema, "Hapo chini utakuta daraja la vyuma. Vuka. Ukishavuka utaingia Mwenga." Nikaendelea mpaka Kamituga, mpaka mlango wa mama yake. Watu wakasema amina. Simuni nikamsikia mama mkwe analia, ananishukuru.

Niliruka kipande kimoja. Kati ya daraja na Mwenga. Nilikiruka nikijua.

Nitakuambia kwa nini. Kabla ya Fidèle tulikuwa na binti, Neema. Vita vilipofika Kamituga, Neema alikuwa na miaka miwili na homa. Mama mkwe aliniambia, niachie huyu mtoto, nitajificha naye shambani, homa itamuua njiani. Nilikataa. Nilimwambia mtoto ni wangu. Tukatembea kwa miguu na watu wengine kuelekea Bukavu. Siku ya tatu, tumeshapita Mwenga na daraja bado hatujaliona, Neema alinifia mgongoni. Sikujua alikufa saa ngapi. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyeniambia.

Ardhi ilikuwa ngumu kila mahali isipokuwa kwenye mfereji wa kando ya barabara, ule waliochimba makantonye. Baba yake alichimba humo kwa sahani ya bati. Tukamfunga kitenge, tukaweka mawe matatu, tukaenda, kwa sababu watu walikuwa wanatuacha.

Tulipofika Bukavu tulimtumia mama mkwe ujumbe kwamba mtoto alifia hospitali, akaombewa na padri, akazikwa makaburini. Uongo ule tulikubaliana wawili, lakini aliyeutunga ni mimi. Baadaye tukapata ukimbizi, tukaja huku, na hakuna aliyejua hapa kwamba niliwahi kuitwa Mama Neema.

Miaka michache kabla ya mume wangu kufa, Déo alipiga simu anapiga kelele za furaha, akimwita kaka yake yaya, kama kwao wanavyomwita mkubwa. "Yaya! Balabala njo inatengenezwa! Machine kubwakubwa! Wamepanua, mifereji yote ya zamani wamefukia, sasa Bukavu unafika na siku moja!" Mume wangu alisema, "Ni vizuri, mudogo wangu." Akaweka simu. Akanitazama, nami nikatazama sufuria. Siku mbili hakula. Tungeweza kupiga simu, tukamwomba Déo aende na watu watafute mawe matatu. Hatukupiga. Kupiga kungekuwa kukiri.

Sasa nakuja kwenye yule mtu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mwaka uleule wa msiba. Ninasafisha shule moja Uccle, na ninaishi Ganshoren. Mtaa wetu ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba, mtaro mrefu upande mmoja wa njia, na vizuizi vya rangi nyekundu na nyeupe. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kwenda. Giza lilikuwa linaingia na mvua ndogo inanyesha, ile mvua ya Brussels isiyoisha.

Mzee mmoja Mwafrika alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, miguu ndani, koleo magotini. Nilidhani ni mlinzi wa vifaa. Halafu nikaona amevaa kaptura. Kaptura, mwezi wa kumi na mbili! Nikamwonea huruma. Nilipokaribia, taa ya barabarani ilimulika miguu yake na mabega yake, na niamini, mtu yule alikuwa amejaa vumbi. Vumbi jekundu, kavu, la kiangazi. Mvua inanyesha juu yake na vumbi halilowi.

"Jambo, Mama Neema," akasema.

Mfuko ulinitoka mkononi. Viazi vikabingirika mpaka mtaroni. Nani Ulaya nzima alijua jina lile?

"Usiogope," akasema. "Sikukuja kukuchukua. Mimi niko mutu wa balabala. Kutoka ku daraja mpaka ku kona ya Mwenga, ile kipande ni yangu."

Nilitaka kukimbia. Nikamuuliza, sijui hata kwa nini nilimuuliza hilo, "Papa, unataka nini kwangu?"

"Bwana yako anakaa kwangu. Miezi saba. Anakaa ku daraja, anauliza kila lori. Tunamwambia, pita, ni karibu. Anasema hapana, bibi yangu hakunitajia hapa." Akatikisa kichwa kama mtu aliyechoshwa na mgeni. "Ni mutu mwenye kichwa nguvu."

Ndivyo alivyokuwa, kweli. Nikaanza kulia. Nikamwambia, basi nitamtajia, nitamtajia sasa hivi. Nikafungua kinywa.

"Si kwangu," akanikata. "Mimi najua. Utasema mbele ya wale uliwaficha."

Nikafumba kinywa. Alijua kwa nini, nadhani. Kisha nikauliza swali ambalo ndilo lililokuwa kooni mwangu tangu aliposema jina lile.

"Na mtoto?"

Alipitisha kidole kwenye makali ya koleo lake.

"Nilikuwa namuchunga," akasema. "Kila mwaka nilikuwa nazibua mufereji juu yake na chini yake, pale pake siguse. Alafu machine ikakuja. Siye hatukuulizwa, mama. Wenye kuulizwa ni watu wenye kuwa na mutu pale, na hakuna mwenye alisema iko na mutu."

"Lakini sasa yuko wapi?"

"Sijuwe," akasema. "Ndani ya balabala."

Mlango wa nyumba ya jirani ukafunguliwa, mama mmoja Mbelgiji akatoka na kuniuliza kwa Kifaransa kama nimeanguka. Nilimgeukia kumwambia hapana. Nilipogeuka tena mtaro ulikuwa mtupu. Yule mama alinisaidia kuokota viazi. Alisema hakuona mtu. Viazi viwili vilikuwa na udongo mwekundu, na udongo wa mtaro ule ni wa kijivu. Niliviosha nikavitupa.

Unafikiri nilikimbia kwenda kusema? Ningependa kukuambia hivyo. Sikusema. Nilijua mume wangu amekaa darajani kama ombaomba, nami nilipika, nilisafisha madarasa, niliimba kanisani. Nilimwacha akae miezi mingine mitano, kwa sababu nilimwogopa mama yake.

Nilisema siku ya kuvua nguo za msiba, mwaka ulipotimia. Ukumbi uleule, simu ileile juu ya meza, Déo na mama mkwe upande wa pili. Tonton Gaspard alikuwa bado anatafuna. Nikasimama na kusema nina kipande cha njia nilichokisahau. Kisha nikajisahihisha, nikasema sikukisahau. Nikasema, "Papa Fidèle, ukishavuka daraja kuna kona ya kushoto, na jiwe kubwa jeusi, na baada ya jiwe kuna mfereji. Hapo tulimzika Neema. Hakufia hospitali. Hakuombewa na padri. Alinifia mgongoni, nawe ulimchimbia kwa sahani. Pita hapo, kisha utaona Mwenga."

Tonton aliweka kijiko chini. Pasta alitazama viatu vyake. Simuni nilisikia pumzi tu, pumzi ya mama mzee, kisha Déo akasema, "Shemeji, weye!" na simu ikakatika.

Watu waliondoka mapema. Wachache waliniaga. Tonton Gaspard alisimama mlangoni akiwa na koti, akaniambia, "Na yeye alikuwa anajua? Miaka yote tunakunywa naye bia, alikuwa anajua?" Nikasema ndiyo. Hajaja tena kwangu.

Siku tisa zikapita. Simu ikalia asubuhi na mapema, nikiwa nafunga viatu vya kazini. Alikuwa mama mkwe mwenyewe. Hajui kupiga simu, sijui nani alimbonyezea.

"Alifika," akasema.

Nikaachia kamba za kiatu.

"Alfajiri. Nilisikia kiatu yake ku mulango. Alikohoa vile alikuwa anakohoa kama anatoka safari. Nilimwambia karibu, mwana wangu, ingia. Alafu nikasikiliza tena. Nikasikiliza sana, Mama Neema. Nilikuwa nangoja miguu ya mutoto. Hakuna. Alikuja peke yake."

Nikaita, "Mama."

"Usinipigie tena," akasema.

Sikumpigia. Alifariki miaka mitatu baadaye, na habari hiyo niliipata kwa watu wa kanisani.

Siku hizi wakichimba barabara mahali popote Brussels, nazunguka. Niko tayari kuchelewa kazini. Fidèle ananicheka, anasema mama anaogopa mashimo. Wakati mwingine ananionyesha kwenye simu yake picha za barabara ile, anasema tazama, Maman, imeharibika tena, malori yamekwama kama zamani. Ninatazama. Ninatafuta jiwe jeusi, na silioni.

Na wewe unayesoma, huenda una mtu wako aliyelala mahali ambapo hukuwahi kuwaambia watu. Sema. Sema leo, hata kama wataacha kukusalimu. Ukisikia barabara yenu itapanuliwa, simama mbele ya mashine utaje jina lake, wakufukuze wakitaka. Mimi nilinyamaza siku Déo alipopiga simu, nikanyamaza tena ukumbini. Mara ya tatu nilisema, na kwa mtoto nilikuwa nimeshachelewa.