Majani ya Orpha Stutzman

Zamani mtaa wetu mzima, hapa Ohio, ulimeta vimulimuli kila Juni. Siku hizi unameta taa za ulinzi, na nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruti.

Jirani yangu Orpha Stutzman, mpishi mstaafu wa shule, alikataa kunyoa. Alipanda mimea iliyokuwepo hapa kabla babu zetu hawajaja na majembe, mingine ilimfika kifuani. Baridi ikikaribia aliacha mashina yakauke yakiwa wima, nyuki wapate pa kulala, na majani yaliyoanguka hakuyagusa, maana watoto wa vimulimuli hujificha chini yake. Sisi wengine tuliyakokota yetu hadi kando ya barabara, lori la mji liyafyonze kwa bomba lake. Yeye alipita na toroli akiyazoa.

"Orpha, sasa unaiba takataka?" nilimtania.

"Ninyi mnatupa watoto, mimi naokota. Mwizi nani?"

Jirani wa ng'ambo ya barabara akamshtaki kwa mji, eti anafuga uchafu. Novemba lori likaja pamoja na Grant Hupp, afisa wa mji, kufyonza uwanja wote wa Orpha.

Orpha akatoka na koti la marehemu mumewe, akajilaza chali juu ya majani, mbele ya bomba. Akatoa mkate wenye soseji, akaanza kula.

"Bibi, inuka. Utapata kichomi."

"Nikipata ni changu. Fyonza basi!"

"Hii ni amri ya mji."

"Na supu niliyokupakulia shuleni, Grant, ilikuwa amri ya nani? Ulirudi foleni mara mbili, kamasi zinakutoka."

Dereva alicheka hadi akazima mashine. Grant akaiva uso.

"Nitarudi, Bibi."

"Njoo na njaa!"

Hakurudi. Majani yakabaki hadi theluji ikayafunika.

Krismasi ya mwaka uliofuata Orpha alikuwa kaburini. Walionunua nyumba walifyonza kila kitu wiki ya kwanza, wakatandika nyasi za kununua. Majani yangu sasa siyakokoti. Barua za onyo za mji nawashia jiko. Waje, koti ninalo, na mkate upo.

Vimulimuli bado hawajaja kwangu. Mara ya mwisho niliwaona Juni ile kabla hajafa, kwake, wamejaa kutoka mashinani hadi juu ya paa, na Orpha kwenye kiti cha kukunja, mmoja ametua kwenye kofia yake, anawaka, anazima, anawaka.