Mpima Macho na Koti Lake

Kabla ya kumziba mtoto jicho, mpima macho wa kliniki yetu husugua viganja mpaka vipate moto. Wanaomjia walizaliwa na mtoto wa jicho, wakapasuliwa wakiwa wachanga, na hurudi kila mwaka kupimwa, maana wengi bado huona kwa ukungu. Wajanja hulikariri bango la herufi, basi yeye huligeuza juu chini. Mchana hula peke yake, kiti kikielekea bango.

Jana ilikuwa zamu ya binti wa miaka kumi na miwili, ambaye mpimaji anamjua tangu ananyonya. Mpimaji alivua koti lake jeupe makusudi, akalitundika msumarini, akasimama dirishani kimya huku akitabasamu. Alitaka, kwa mara moja tu, atambuliwe kwa sura.

Binti alisita mlangoni, kisha akaliendea koti. "Shikamoo, shangazi," akaliambia, kichwa ameinamisha kwa adabu.

Mimi, karani wa mafaili, niliziba mdomo. Mpimaji alivua viatu, akanyata hadi ukutani, akasimama mbele ya koti lake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nilijua utaniona tu."