Siku Tata Alipoziba Njia ya Magari ya Mbio

Sisi tuliokulia Nyansurura wakati redio moja ilitosha majirani wote, magari yetu tuliyaunda wenyewe kwa mabua ya mtama. Usiniambie habari za watoto wa siku hizi wanaoendesha magari kwenye simu huku wamelala kwenye kochi! Gari langu lilikuwa na usukani wa fito, magurudumu ya ndala zilizokatika, na mlio niliutoa mwenyewe kwa mdomo mpaka koo likakauka. Mama alikuwa akisema, "Bhoke, hilo gari lako lingekuwa linateka maji, ningelipenda sana."

Kwa hiyo iliposikika kwamba mbio za magari zitapita wilayani kwetu, Jumamosi na Jumapili, mimi chakula hakikupita. Tata, ndivyo sisi Wakurya tunavyomwita baba, hakuwa mtu wa starehe. Alikuwa mkulima, mfugaji na sungusungu, mlinzi wa kijiji. Lakini nilirithi jina la mama yake mzazi, na kwa jina hilo nilimweza. "Mama akitaka kuona magari," alisema, "mimi ni nani nimkatalie?"

Jumamosi akanipakia kwenye baiskeli mpaka Mugumu. Magari yalikuwa yamepangwa uwanjani, na harufu ya petroli imechanganyika na ya mihogo ya kukaanga. Tata alinunua mihogo, akanipa kipande kikubwa, na kila tulipofika kwenye gari aliinama kutazama chini yake kama anayekagua ng'ombe mnadani. Moja lilikuwa la njano, la Hamisi, muuza spea wa Tarime. Madereva wengine wote walitoka mbali, yeye peke yake alikuwa wa kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniruhusu nikalie kiti chake na kushika usukani. "Kesho nikipita kwenu unipungie mkono," aliniambia. "Nikikuona tu, nakanyaga mafuta." Jamani! Kufika jioni, hakuna mtoto Nyansurura ambaye sikuwa nimemsimulia.

Jumapili tulijaa pale kwenye kona, chini ya kijiji. Wanaume walikuja moja kwa moja kutoka kanisani, fimbo mkononi kama kawaida yao. Kijana mmoja mgeni, amevaa kizibao cha kung'aa, alisimama mbele yetu wala hakutueleza yuko pale kwa kazi gani. Mara tukasikia mngurumo mbali. Yule kijana akapuliza filimbi, ndefu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alikuwa anatuonya tukae mbali na barabara.

Sasa, kwetu filimbi ndefu haikuwa mchezo. Maana yake ilikuwa moja: ng'ombe wameibwa, tokeni mzibe njia. Hakuna aliyeuliza ng'ombe wa nani. Hata aliyekuwa chooni alitoka akifunga mkanda. Tata alikuwa amenishika mkono, nikashtukia mkono wangu umeachwa. Kupepesa macho hivi, yeye na wanaume kama ishirini wamejaa barabarani, fimbo juu.

Gari la njano likatokea kwenye kona, likafunga breki, vumbi likatufunika sote. Hamisi ndiye aliyekuwa anaongoza mbio. Tata akafika dirishani wa kwanza. "Ng'ombe mmewapitishia wapi?"

Hamisi akavua kofia yake ngumu, mdomo wazi. "Ng'ombe gani tena, mzee wangu?"

Yule kijana wa filimbi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mpaka watu waelewe na kupisha, magari mawili yalikuwa yameshachomokea pembeni na kutokomea. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu, ila ushindi wa Hamisi ulipotelea pale pale. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na Tata akacheka nao. Mimi sikucheka. Mkono wangu wa kupunga ulikuwa bado uko juu.

Shuleni wakaniita Binti Ziba Njia. Nilirudi nyumbani nikamwambia Tata kwa ukali ambao mtoto wa kwetu hakutakiwa kuwa nao, "Umeniaibisha. Kwa nini hukuuliza kwanza?" Akasema, "Ukingoja kuuliza, ng'ombe wameshavuka." Baada ya hapo nilikataa kupanda baiskeli yake. Naye kwa siku nyingi hakuniita mama, aliniita Bhoke tu, na mpaka nimekuwa mtu mzima sikuwahi kumwomba radhi.

Mwaka huu nilikuwa natoka sokoni Mwanza, ninakoishi, mchana kweupe. Vijana wawili wa pikipiki wakanikwapua mkoba, nikaanguka na mkono ukavunjika. Nikapiga yowe lile la nyumbani, linalotoka tumboni. Wallahi, watu walisikia! Wakatoa simu, wakanipiga picha. Kijana mmoja mwenye adabu zake aliinama, akaniomba namba anitumie video. Enzi zetu hatukuwa na simu, na makosa tulifanya mengi, lakini ukilia, mtu alitoka.

Hospitali, nikiwa nimeshafungwa plasta, nesi aliniazima simu yake nikampigia Tata. Ni mzee sana sasa, goti moja halikunji. Nilisema tu, "Tata, nimevamiwa." Hakuuliza na nani. Nikasikia kiti kikiburuzwa, akimwambia mtu, "Nipe hiyo fimbo yangu."

Nikaanza kulia pale pale. Nikamwambia mkono umefungwa, siko hatarini, asihangaike. Kisha nikamwomba anisamehe kwa maneno yangu ya ile siku ya magari.

Akauliza, "Yule wa gari la njano? Sasa mtu hana ng'ombe wa watu, alikuwa anakimbia nini?"

Nikacheka, miaka yote hii imepita, machozi bado yananitoka.

"Hayo yaache, mama," akasema. "Viatu nimeshavaa. Uko wapi?"