Orodha ya Jumamosi

Kazi yangu ni kutunza mafaili ya wagonjwa katika hospitali moja hapa Ngara. Kila Jumamosi mchana katekista wa parokia huja dirishani kwangu na daftari lake, kuchukua majina ya waumini waliolazwa ili yasomwe kanisani kesho yake. Desturi hiyo niliikuta. Jina likisomwa, jumuiya ya mgonjwa inapanga zamu: huyu alete ndizi na maharage, yule aje kufua. Huku kwetu mgonjwa ambaye jina lake halikusomwa watu humhurumia, wanaona kama hana kwao. Macho ya katekista yamechoka, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwandikia kwa herufi kubwa, jina na mahali pa kumkuta: wodi ya wanawake, ya watoto, ya wazazi.

Mwaka huu tuliitwa semina ya sheria ya kulinda taarifa binafsi. Mtaalamu alisema taarifa ya mgonjwa ni ya mgonjwa mwenyewe, haitoki bila ridhaa yake, na anayeitoa anaweza kushtakiwa, yeye na hospitali yake. Tukapiga makofi, tukasaini mahudhurio, tukala pilau. Mimi nilielewa kwamba sheria hiyo ni ya kompyuta. Nikapewa bango lenye maneno ya kutunza siri za wagonjwa, nikalibandika mwenyewe juu ya dirisha langu, na kesho yake katekista akasimama chini ya bango hilohilo nikamwandikia majina. Jamani, hata sikucheka.

Basi Ijumaa moja alikuja mama mmoja kijana kutoka upande wa Mbuba. Ni mwanakwaya, sauti ya pili, na kila akipita dirishani kwangu lazima anisalimie, "Shikamoo mama," hata kama nimeinama sijamwona. Alikuja kuchukua dawa zake chumba namba tisa. Namba tisa ni kliniki ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Mlangoni hapakuandikwa kitu zaidi ya namba, lakini wilaya nzima inajua. Malaria ikamwangusha humohumo kliniki, wakamlaza kwenye kitanda cha ndani na kumtundikia dripu. Jumamosi mchana alikuwa bado yupo. Nikaandika jina lake, na kwenye mahali pa kumkuta nikaandika chumba namba tisa. Nilimwonea huruma, nikasema kwao ni mbali, asije akalala njaa.

Jioni ile akapata nafuu, akaruhusiwa.

Jumapili nilikaa benchi la nne. Yeye alikuwa mbele na kwaya, ameshika kitabu cha nyimbo, amekonda kidogo. Katekista akafungua daftari akaanza kusoma. Alipolifikia jina lake nilitabasamu, maana mgonjwa mwenyewe alikuwa amesimama pale mzima. Kisha akasoma, "Yuko chumba namba tisa."

Sikuelewa mara moja. Nikaona vichwa vinageukia kwaya, kimoja baada ya kingine, na kichwa cha mama mkwe wake, benchi la pili, kikageuka polepole kuliko vyote. Ndipo nikaelewa. Waliokuwa wakijua habari zake ni mumewe na wauguzi wa namba tisa, na mimi niliyebeba faili. Yeye alifunga kitabu chake, akakiweka kwenye kiti, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nilitaka kumfuata, nikabaki benchi la nne.

Jumatatu niliitwa kwa mganga mfawidhi. Karatasi iliyochanwa kwenye daftari la katekista ilikuwa mezani kwake, na mwandiko ni wangu, ningekana nini? Akaniuliza kama nilihudhuria semina. Nikasema nilihudhuria. Akaniuliza kama mama yule aliridhia jina lake litoke. Nikasema katika miaka yangu yote hapa sijawahi kumuuliza mgonjwa swali hilo. Alivua miwani, naye alikuwa ameshtuka kama mimi, maana jina la mama yake mzazi niliwahi kuliandika, naye akanishukuru. Katekista nilipomweleza alikasirika, eti tangu lini kumwombea mtu kukawa kosa. Nilimfokea mzee wa watu hadi machozi yakanitoka, na niliyekuwa namfokea ni mimi mwenyewe.

Tarehe yake ya dawa ikafika, hakuja. Nilifungua faili lake kila asubuhi. Wiki ya pili akatokea dirishani, amejitanda kanga hadi usoni.

"Shikamoo mama," akasema.

Badala ya marahaba nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Ni mimi niliyeandika."

"Najua ni wewe," akasema, bila hasira, na afadhali angenitukana. "Nyumbani kikombe changu kimefungwa uzi ili watoto wasikosee. Naomba barua ya uhamisho. Dawa nitachukulia Biharamulo, kule Runazi nina dada."

Nikaiandika barua, nikaifunga ndani ya bahasha, nikaigundisha mara mbili. Aliipokea, akalitazama bango juu ya kichwa changu, akalisoma lote. Kisha akaniuliza, "Na kule, Jumamosi wanakuja kuchukua majina?"

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini mwenzangu wa masjala ya kule namfahamu, tulikaa meza moja kwenye semina, na ni mimi niliyemweleza jinsi tunavyoandika mahali pa kumkuta mgonjwa ili chakula kisipotee njia. Aliipenda sana.

Mama yule ameondoka na bahasha yake. Nimeshika simu tangu asubuhi. Nikipiga nimwambie mwenzangu jina hili lisiandikwe, atauliza la nani, na kwa nini.