Shikamoo ya Noela

Mzee Luhende wa Buswelu alipiga picha za eksirei hospitalini Mwanza kwa miaka ishirini na miwili, na hakukosekana mgonjwa aliyeomba kwanza achane nywele. "Chana tu," alikuwa akimwambia, "ila mifupa haina nywele." Alikuwa mtani, mbishi, na mchoyo wa filamu kupindukia. Miaka ile ya tisini mitumba ilifurika soko la Mirongo, lakini filamu za hospitali ziliadimika. Mgonjwa mmoja, filamu moja: sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na ole wake daktari aliyeomba ya pili.

Siku moja akaletwa Noela, binti wa Kihaya aliyeolewa na Mihayo wa Buzuruga. Alikuwa na lupus, ugonjwa unaoufanya mwili ujishambulie wenyewe. Vidonge alivyokuwa akimeza kwa mwaka wa pili vilimwokoa, vikamvimbisha na mashavu. Sasa nyonga ilimuuma. Mama mkwe alifuata nyuma, kanuna.

Noela alitaka kumwamkia mzee kwa kupiga goti, kama alivyolelewa. Alishika ukuta, akashuka nusu, mguu wa kulia ukachepuka, akauma midomo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Inuka, mwanangu."

"Umeona?" mama mkwe akadakia. "Kwako kajitahidi! Mimi miezi miwili naamkiwa kwa kusimama, kama karani wa posta. Nimeacha hata kuitikia. Wahaya kwa maringo!"

Noela alitazama sakafu. Luhende alimwonea huruma, lakini mambo ya mkwe na mkwe hayaingiliwi.

Picha, iliyopigwa mguu ukiwa umenyooshwa, ilitoka safi. Daktari aliiinua dirishani, akasema mfupa mzima, arudi nyumbani aendelee na kazi. Mama mkwe akaguna kwa ushindi.

Luhende hakutulia. Mguu ule uliochepuka haukumtoka akilini. Alivijua vidonge vile: huweza kuunyima damu mfupa wa nyonga mpaka ukafa taratibu, na ufa wa mwanzo mara nyingi hujificha mguu ukinyooshwa. Mfupa ukishaporomoka, ndio basi. Akamwita binti arudi, akatoa filamu ya pili kwa mkono wake mwenyewe, daktari akabaki kaduwaa. Akamlaza, akamkunja goti na kulilaza kando, vilevile lilivyochepuka alipoamkia.

"Najua linauma. Tulia hivyo hivyo kidogo."

Kwenye chumba cha giza cha kusafishia filamu alisubiri. Mstari ukajitokeza kwenye kichwa cha mfupa, mwembamba, umepinda kama ukucha uliokatwa. Lakini kichwa chenyewe kilikuwa bado mviringo. Walikuwa wamewahi.

Daktari aliandika magongo, vidonge vipunguzwe kidogo kidogo, asibebe ndoo, asipige goti. Luhende akampeleka mama mkwe dirishani na filamu.

"Mama Mihayo, maringo ya mkweo ndiyo haya."

Mama mkwe aliufuata mstari kwa kidole.

"Alikuwa nao kila asubuhi akiniamkia?"

"Kila asubuhi."

Mama yule alijifunga upya khanga yake, akaondoka.

Mwezi uliofuata Noela alikuja na mumewe, akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei. Saa nne mama mkwe akatokea mwisho wa ukumbi, kabeba uji kwenye bakuli. Noela alipomwona alikusanya magongo ainuke, na Luhende, aliyekuwa mlangoni, akamwona mama yule akianza kukimbia, uji ukimwagika, huku akipaza sauti kabla binti hajafumbua mdomo:

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Kaa!"