Njia ya Kulia Mtoni

Mwaka tuliohamishiwa vijiji vya ujamaa, nilipata habari kwamba mama yu taabani. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, nikateremka mto Ugalla kwa mtumbwi, safari ya siku sita. Kila mpiga kafi niliyekutana naye nilimuuliza njia, na jibu nikaliandika kwenye daftari. Wote walinielekeza vyema isipokuwa mvuvi mmoja, mtani wangu kwa kabila. Nilimweleza kwamba namuwahi mama.

"Mto ukigawanyika, shika kushoto," aliniambia. "Kulia kuna viboko."

Kushoto kulikuwa na matete matupu. Nilihangaika humo siku mbili, nikafika mama amezikwa jana yake. Niliporudi, mvuvi alicheka.

"Ule utani tu, mtani. Utakasirika?"

Mtani hakasirikiwi.

Mwaka uliofuata baba yake alifariki. Kwetu mtani ana haki ya kuzuia maziko mpaka apewe kitu. Niliingia kaburini, nikalala chali. Watu walicheka, wakaniletea kuku.

"Kuku kuleni wenyewe," nilisema. "Mimi nataka mfiwa aseme mbele yenu, njia ya mtoni ilikuwa ipi."

Kicheko kilikatika. Alisimama ukingoni, macho mekundu.

"Mtani, jua linampiga baba."

"Mama yangu sikumkuta hata juani."

Aliwageukia waombolezaji.

"Kulia," akasema. "Nilijua ni kulia."

Sikutoka hapo hapo. Nililala mle mpaka jua likapinduka, naye amesimama ananitazama. Sikuona aibu, wala leo sioni.